Mwanamke Mnene, Mdomo Wazi

Lorne Hrycak anauza vipuri vya mashine za shamba hapa Saskatoon, Kanada, na hiyo ndiyo kazi inayomlipa. Kazi anayoiita kazi ni nyingine. Kuna ghala moja la picha mtandaoni, watu wa ridhaa kutoka nchi nzima hupandisha humo michoro yao, na kila mchoro unapoingia Lorne huuvamia kwa lebo zake. Mti. Mti mkavu. Ndoo. Ndoo bila mpini. Mwenzake mmoja aliwahi kuandika lebo ya "mbwa mwenye huzuni", Lorne akamshushia waraka mrefu kwamba huzuni ya mbwa haionekani, kinachoonekana ni masikio yaliyolala. Lebo ikawa "mbwa, masikio chini". Yule mwenzake hakurudi tena Ghalani.

Mimi nakaa naye kaunta moja. Aliniandikisha Ghalani siku niliyokuwa na homa, sina nguvu za kubishana, na tangu hapo ananihesabu kuwa mfuasi.

Haki yake nampa. Kabla yake lile Ghala lilikuwa soko la wezi. Mtu anachukua mchoro wa mwenzake, anakata kona yenye sahihi, anaupandisha kana kwamba aliuchora yeye. Lorne ndiye aliyeweka sheria: mchoraji atajwe jina, chanzo kionyeshwe, mwenye mchoro akisema uondolewe, uondolewe. Sheria nzuri kabisa. Shida ni kwamba alipomaliza kuandika zile za maana hakuacha kuandika. Siku hizi kuna sheria inayosema kivuli cha paka ni paka au si paka.

Sasa, mwaka huu mtu asiyejulikana alipandisha mchoro wa penseli bila jina la mchoraji. Lorne akauwekea alama ya "mchoraji anatafutwa", akaupokea kama zawadi ya harusi. Aliacha foleni ya wakulima imsubiri, akaandika: mwanamke, mwanamke mnene, kiti cha kulalia, usingizi, mdomo wazi, meno ya bandia, glasi ya maji, soksi, soksi mbili tofauti, mfuko wa chipsi, makombo.

"Noreen, umeyaona makombo?" akaniuliza. "Watu wengi wangeyapita."

Nikamwambia kuna mzee pale anataka mkanda wa mashine ya kuvunia tangu saa nne.

Baada ya wiki chache ikaja barua Ghalani kutoka kwa Janelle Friesen, mchoraji wa hapa hapa mjini. Alisema ule mchoro ni wake, aliuchora akiwa mwanafunzi, akauweka kwenye ukurasa wake ambao ulishakufa zamani. Anayelala pale ni mama yake, na mama hajui kama alichorwa. Tafadhali uondoeni kabla hajajua.

Mtu wa kawaida angebonyeza kitufe na kwenda kula. Lorne alidai ushahidi. Janelle akasema karatasi yenyewe iliharibika maji yalipojaa chumba chake cha chini, na nakala hana. Lorne akasikitika kwa maandishi, kisha akadai ushahidi. Maskini Janelle akachora upya kile kiti, kitupu, akapiga picha ameishika karatasi mkononi. Lorne akalinganisha mikono ya kiti na ile ya kwanza kwa muda ambao jaji angetumia kumnyonga mtu. Mwisho akaridhika. Akaufuta mchoro, akaufuta hasa, usirudi milele, kama sheria inavyosema.

Lakini ukurasa hakuufuta. Ukurasa wa mchoro uliofutwa hubaki pamoja na lebo zake, ili mwizi akijaribu kuurudisha anaswe. Na kwa kuwa sasa mchoraji alikuwa amefahamika, Lorne akamtendea haki. Akaandika jina lake kamili. Halafu, kwa kuwa ile barua ilikuwa imempa habari mpya, na habari mpya haiwezi kutupwa, akaongeza lebo moja: mama wa mchoraji.

Nilipoiona nilishika kichwa. Kabla ya hapo alikuwa mwanamke yeyote anayekoroma kwenye kiti. Sasa picha haipo, lakini duniani kote yeyote mwenye simu anaweza kusoma kwamba mama wa Janelle Friesen ni mnene, ana makombo na meno yake yako kwenye glasi.

Na watu walisoma. Janelle alikuwa amechora picha kubwa ukutani kwenye klabu ya ule mchezo wa kusukuma mawe kwenye barafu, klabu ambayo mama yake, Bi Adeline, ni mwanachama tangu meno yake yakiwa yake. Rafiki mmoja wa Adeline alitafuta jina la Janelle ili waone kazi zake nyingine. Akapata ule ukurasa. Akausoma kwa sauti, mezani, watu wakinywa kahawa, na alikuwa ameshafika kwenye soksi ndipo akaelewa anasoma nini.

Adeline aliinuka akaenda nyumbani. Akampigia bintiye simu akamwambia Jumapili ya sikukuu ya Shukrani asihangaike kuja, bata mzinga ni mdogo. Bata mzinga wa Adeline hajawahi kuwa mdogo. Janelle akaandika tena Ghalani akiomba, sasa kwa kulia kabisa, zile lebo ziondolewe, maana mama hapokei simu zake.

"Haiwezekani," Lorne aliniambia huku akipanga nati kwenye visanduku. "Lebo ni sahihi."

"Nani kasema si sahihi? Mtu amegombana na mama yake, Lorne."

"Hakuna sheria ya ugomvi."

"Basi iandike. Sheria ya paka uliiandika."

"Nikifuta lebo kwa sababu mtu kaudhika, kesho tutabaki na nini?"

"Tutabaki na adabu."

Akaniambia mimi huchanganya mambo. Nikaona huyu dawa yake siyo mimi. Marehemu mume wa Adeline alikuwa mteja wetu, namba ya simu ya nyumbani kwao tunayo dukani. Nikampigia. Nikamwambia, mama, aliyeandika maneno yale nakaa naye kaunta moja, na saa hizi yuko hapa anakula pirogi zake za viazi.

Alifika hata pirogi hazijaisha. Mama mrefu, koti limefungwa vifungo vyote, lipstiki imepakwa kama mtu anayekwenda mahakamani.

"Wewe ndiye Hrycak?"

"Ndiye mimi, mama. Nikusaidie nini?"

"Mimi ndiye makombo."

Lorne aliweka uma chini. Alimeza alichokuwa nacho mdomoni, akajifuta, akaanza kueleza habari ya wezi na sahihi zinazokatwa. Adeline akamwacha aende mpaka akachoka mwenyewe.

"Umemaliza, kijana?" Lorne ana miaka hamsini na ushee. "Sasa nionyeshe hiyo picha."

"Imefutwa, mama."

"Nimesikia. Nionyeshe nakala."

"Hatuweki nakala. Mchoraji akisema iondolewe, tunaiondoa kweli. Na karatasi yake ililoa."

Adeline alivua glavu moja, akaivaa tena.

"Hebu nikuelewe. Nimemfungia mwanangu mlango kwa picha ambayo sijaiona, na sitaiona?"

Lorne akaniangalia. Nikaangalia dari. Nilikuwa na hasira naye, lakini na mimi nilikuwa sijaliwaza hilo. Tulikuwa tumegombania lebo siku zote hizo, wala hakuna aliyejiuliza kama yule mama alikuwa ameiona ile picha.

"Basi niambie ilikuwaje," Adeline akasema. "Wewe uliiona."

"Mwanamke," Lorne akaanza. "Kiti cha kulalia. Usingizi..."

"Hayo nilisomewa mbele ya klabu nzima. Niambie kama mtu anavyomwambia mtu."

Nikasema moyoni, leo tumeumbuka. Huyu bwana kumwambia mtu kitu kama mtu hajui. Hata kwenye kadi ya siku yangu ya kuzaliwa aliandika "kadi". Lorne aliweka mikono juu ya kaunta, na mkulima aliyekuwa nyuma ya Adeline akajiondokea polepole kwenda kutazama vichujio vya mafuta.

"Taa ilikuwa imezimwa," Lorne akasema. "Kulikuwa na mwanga wa televisheni tu. Lakini uso ulikuwa umechorwa vizuri, mama, kila mkunjo. Kwa mwanga ule huwezi kuona mikunjo ukiwa mbali. Nadhani binti yako alikuwa amekaa sakafuni, karibu na miguu yako. Na penseli ilikuwa laini sana, kama mtu anayeogopa kukuamsha." Akakohoa. "Huo mdomo wazi ulikuwa mahali padogo tu. Mkono ndio aliourudia rudia. Mkono wako ulikuwa umepasuka pasuka, kama wa mtu aliyerudi kazini sasa hivi."

"Nilikuwa naosha vyombo hospitali," Adeline alisema. "Zamu mbili. Yeye alikuwa chuo."

"Aliuchora kwa uangalifu mno, huo si mchoro wa kumcheka mtu."

"Mbona hayo hukuyaandika?"

"Hayaonekani, mama."

"Wewe umeyaona."

Uso ulimwiva Lorne mpaka masikioni, na mimi niliyeitamani aibu hiyo kwa muda mrefu, ilipokuja nilijikuta napanga risiti ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Kisha akasogeza kompyuta, akafungua ule ukurasa, akamgeuzia Adeline kioo.

"Niambie ipi nifute."

"Zote. Hata ile ya mama wa mchoraji. Hiyo hukuulizwa uitangaze."

"Ni kweli, mama," akasema Lorne. "Sikuulizwa." Akazifuta moja moja mbele yake, na kwenye makombo akasita kidogo, nilimwona, kisha akaendelea.

Adeline hakushukuru. Alitoa simu kwenye mkoba, akampigia bintiye pale pale kaunta, na ilipopokelewa hakusalimia.

"Jumapili uje," alisema. "Uje na penseli zako." Akasikiliza. Upande wa pili kulikuwa na kilio, hata mimi nilikisikia. "Ndiyo, unichore. Lakini safari hii uniulize kwanza."