Karatasi Juu ya Ufa

Tetemeko la asubuhi liliacha ufa ukutani mwa chumba cha kulala, na mke wa mwashi akaapa hatalala humo tena. Nyumba hiyo mwashi aliijenga kwa mikono yake, tofali kwa tofali, kwa hiyo maneno yale yalimchoma. Akafanya kama mafundi wa zamani walivyomfunza: akabandika kipande cha gazeti kukatiza ufa, kwa gundi ya unga. Ukuta ukisogea tena, karatasi itachanika.

Alasiri walikuwa wamekaa uani juu ya godoro walilolitoa, bahari ikisikika kwa mbali kama mtu apumuaye usingizini. Mara ardhi ikatikisika kidogo, taratibu, kama mama anayembembeleza mtoto. Chai ikacheza kikombeni, ikatulia.

Mwashi akaingia ndani kuchungulia. Akakawia, mpaka mkewe akamfuata mlangoni.

"Mzee, imechanika?"

"Nzima kama nilivyoiacha."

"Sasa mbona umeukumbatia ukuta?"

"Nauomba radhi, mama watoto. Na mimi nilikuwa nimeushuku."

Mkewe akacheka hadi akajishika mbavu, kisha akamwambia waende wakalishike godoro huku na huku, walirudishe chumbani.