Nilimwambia Dada wa Ubalozini Kwamba Sijawahi Kuumwa

Kosa ni langu. Nalisema mwenyewe mapema, asije mtu akanisaidia kulisema. Lakini msikae mkisubiri niwalilie hapa, maana hata simu ninayoandikia haya nimeinunua kwa jasho langu.

Mimi ni mnunuzi wa mahindi na maharage hapa Sumbawanga. Shule niliishia darasa la nne. Nilianza kwa kubebea watu magunia pale Laela, barabara ya Tunduma. Leo nina ghala, nina mashine ya kusaga, nina nyumba ambayo wageni wakipita wanauliza ni ya nani. Waliosoma wanakuja kwangu kukopa nauli. Sijisifu, naeleza hali ilivyo.

Nina binti, tumwite Skola. Alipomaliza kidato cha sita, akafaulu vizuri, sisi tunajipanga aende chuo, mimi nikaanguka kutoka juu ya lori tukiwa tunapakia. Nyonga ikavunjika. Wakanipeleka Mbeya, wakanitia chuma, wakanirudisha nyumbani nilale chali. Ilipita karibu miaka miwili ndipo nikatembea bila magongo.

Sasa aliyewahi kufanya biashara hii atanielewa. Mnunuzi akisikika yuko kitandani, kwisha habari yake. Wakulima wake wanachukuliwa na wengine msimu huohuo, na akipona anakuta hana mtu. Kwa hiyo nikatoa amri ndani ya nyumba: mtu akiniulizia, niko Zambia natafuta soko, na ghala naliendesha kwa simu. Akipiga, ninapokea kwa sauti yangu ileile kubwa, mto uko chini ya kiuno.

Aliyeshika ghala ni Skola. "Kwa muda tu, mama," nilimwambia. Muda huo ukala miaka yake miwili.

Na alishika kweli. Alikuwa anaingiza mkono kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko, akisikia joto ndani anamwambia mkulima bila kumvunjia heshima, "Haya hayajakauka, shangazi. Yaanike kwanza, ukirudi bei yako utaikuta." Lumbesa alikataa kabisa. Mimi nilikuwa napenda gunia lijazwe mpaka liote kichwa, yeye akaweka mzani, basi wakulima wa Mwazye wakawa wanapita maghala ya watu wanakuja kwetu. Miaka yake hakuna hata gunia moja lililooza. Yangu yaliwahi kuoza, tusiulizane mangapi.

Ndipo chuo kimoja ng'ambo kikamkubali asomee kuhifadhi nafaka, tena kikampa ufadhili. Ikabaki viza. Mnaojaza mambo haya mnajua: wakiona miaka haina shule wala kazi, wanaona mtu anataka kwenda kuzamia. Lazima ueleze ulikuwa wapi na ulikuwa unafanya nini.

Tukakaa jikoni na mama yake.

"Andika ulikuwa unasoma kompyuta," nikamwambia.

"Kompyuta ipi, baba? Wakitaka cheti nitawapa nini?"

"Basi andika ulikuwa umepumzika. Mtoto wa tajiri anapumzika."

"Nikiandika hivyo ndiyo wataninyima. Kilichonipotezea miaka ndicho ninachokwenda kusomea. Nitaandika kwamba ulivunjika nyonga, nikasimamia ghala."

"Yaani wazungu wajue kwamba nililala?"

"Wazungu hawanunui mahindi Laela, baba."

Mama yake akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Nikashindwa. Skola akaandika ukweli wote, akaweka na namba yangu ili wakitaka kuhakikisha waniulize mimi. Akanisihi, "Wakipiga, sema tu yaliyotokea." Nikasema sawa.

Walipiga asubuhi niko ghalani. Alikuwepo Mzee Seifu mwenye malori, walikuwepo madalali na wakulima wamekalia magunia yao. Namba siijui. Nikaweka sauti kubwa kama kawaida yangu, mimi sinong'oni ndani ya ghala langu.

"Habari za asubuhi, mzee. Napiga kutoka ubalozini kuhusu maombi ya binti yako."

Nikawatazama wenzangu. Ubalozi huo, unanitafuta mimi.

"Endelea, dada yangu. Unaongea na mwenyewe."

"Binti yako anasema baada ya kidato cha sita hakuendelea na masomo kwa sababu ulivunjika nyonga, akasimamia biashara yako miaka miwili. Ni kweli?"

Wote wakanigeukia. Hata aliyekuwa anashona gunia alisimamisha sindano. Ilitakiwa neno moja tu, ndiyo, nikate simu niendelee na kazi.

"Mimi nivunjike?" nikasema. "Dada, mimi sijawahi kuumwa hata mafua. Biashara hii naiendesha kwa mikono yangu hii."

"Kwa hiyo binti alikuwa anafanya nini kipindi hicho?"

"Mtoto wangu mimi afanye nini? Alikuwa nyumbani, anakula kuku na kutazama runinga. Gunia hajawahi kuligusa."

"Una uhakika, mzee?"

"Andika hivyohivyo ninavyokuambia."

Akashukuru, akakata. Watu wakaangua kicheko. Mzee Seifu akanipiga begani, "Wewe mwanaume, wewe." Nikaagiza soda za watu wote. Naapa, siku ile niliona nimemsaidia mwanangu. Nilijua ubalozi ukisikia baba ana nguvu na mali, utampa viza mbio.

Wakamnyima. Jibu lilikuja kwa Kiingereza, Skola akanisomea kwa Kiswahili taratibu sebuleni. Kwamba maelezo yake ya miaka ile miwili yamekanushwa na mtu aliyemtaja yeye mwenyewe, kwa hiyo hawaamini kwamba anakwenda kusoma.

"Baba, walikupigia?"

"Walipiga."

"Ukawaambiaje?"

Nikamweleza. Nilisubiri anipigie kelele, nilishajiandaa kumjibu. Alijifunga kitenge akaenda ghalani kupima maharage, maana wakulima walikuwa wamefika. Hapo ndipo nilipoumia. Ufadhili ukaenda kwa mtu mwingine.

Shemeji yangu mwalimu akaja kunihubiria kwamba nimeponzwa na kukosa shule. Nikamuuliza kama nauli ya kuja kunihubiria ameitoa mfukoni kwake. Sikuponzwa na darasa la nne, ndugu zangu. Darasa la nne ndilo lililomsomesha Skola mpaka kidato cha sita. Niliponzwa na mdomo, na mdomo wanao mpaka wenye digrii. Kwa hilo sitainamisha kichwa mbele ya mwalimu.

Ila kwa mwanangu niliinamisha. Amesema ataomba tena, na safari hii lazima aeleze kwa nini alinyimwa mara ya kwanza. Nikaenda mwenyewe kwa wakili, na picha za mifupa yangu mkononi, nikaapa kwamba nilianguka, nililala, na ghala liliendeshwa na binti yangu. Na kwa kuwa mimi kitu sikifanyi nusu, nikatoka pale moja kwa moja mpaka ghalani kuwaambia wenzangu.

"Mzee Seifu, nataka mjue jambo. Ile miaka sikuwa Zambia. Nilikuwa kitandani. Aliyekuwa ananunua mahindi hapa ni Skola."

Mzee Seifu aliendelea kutafuna karanga zake.

"Sasa tajiri, malori yangu hapa yalikuwa yanapakiwa na nani, jini? Si huyo mtoto aliyekuwa anagombana na mimi kuhusu nauli ya mzigo kila msimu?"

"Kwa hiyo mlijua?"

"Mbona Sumbawanga yote ilijua. Tulikuacha na Zambia yako kwa kumheshimu mtoto. Alikuwa anatupimia vizuri."

"Hata siku ile ya simu?"

"Siku ile ndiyo tulicheka sana."

Nikakaa juu ya gunia. Watu wote niliokuwa nawaficha walikuwa wanajua. Aliyeyaamini maneno yangu ni mmoja tu, yule dada wa ubalozini, na ndiye aliyekuwa na viza ya mwanangu.

Tunasubiri jibu la pili. Chuo kimekubali kumpokea tena, ila ufadhili haupo. Ada nitalipa, hilo halinitishi, nina mahindi. Kinachonitisha ni kwamba kile nilichosema siku ile bado kipo kwenye kumbukumbu zao, na hicho sina mahindi ya kukinunulia.

Wewe mzazi mwenye mali na mdomo kama wangu, nakuonya na usinikasirikie. Mwanao akisema alikaa nyumbani kwa sababu uliumwa, au mambo yalikuharibikia, au alikuwa anakuogesha, ukiulizwa kubali. Majirani unaowaonea aibu wanajua zamani. Anayeuliza ndiye asiyejua, naye ataandika lolote utakalomwambia.