Goti la Mbuke na Plasta Niliyoikataa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya nje kidogo ya Bariadi, Mganga Mfawidhi, mkuu wa pale, hakunikaribisha kiti. Alisoma barua yangu ya kupangiwa kazi, akasema, "Fiziotherapia. Kumbe wewe ni wa kukanda watu." Nikamjibu kwamba kazi yangu ni kurudisha kiungo kwenye kazi yake. Akacheka. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na minne, na kicheko kile sikukisamehe.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria ilipofunguliwa. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalichipuka kila kona, na mwenye maumivu alichomwa sindano kabla ya kuulizwa ameumiaje.

Wiki hiyohiyo akaja Mbuke, mkulima wa pamba kutoka Shishiyu. "Mwangaluka, mayu," nikamsalimu mama huyo kwa Kisukuma. Akanieleza kwamba aligeuka ghafla na gunia kichwani, goti likalia. Nilipombonyeza upande wa ndani, mifupa inapokutana, akashtuka. Gegedu lilikuwa limechanika, lile linalokaa kati ya mifupa kama mto. Lakini goti lilinyooka lote. Goti linalokwama ni la mpasuaji. Lisilokwama lijaribiwe mazoezi kwanza. Hata nyonga, yenye ukingo wake wa gegedu, mara nyingi huanziwa hivyo.

Mganga Mfawidhi akaagiza, "Plasta, pajani hadi kifundoni. Wiki sita."

"Sifungi," nikasema. "Hajavunjika mfupa. Paja litakonda, goti litakakamaa."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana, mzee. Ila goti hili nimelishika. Wewe hujalishika."

Wauguzi wakatazama chini. Mbuke akasema, "Mimi nina palizi, baba. Nitalima na plasta?"

Niliandikiwa onyo. Nikasaini kwamba nimelipokea, nikarudi kwa mgonjwa wangu. Kwanza tulituliza uvimbe kwa vitambaa vya maji baridi na bandeji. Kisha akaanza kuinua mguu ulionyooka, baadaye na mfuko wa mchanga kifundoni. Wiki ya tano alikimbiza ndama, goti likavimba upya. Niliogopa. Nikamwambia, "Likikwama hata mara moja, nakupeleka Mwanza kupasuliwa, na nitakiri nimeshindwa."

Halikukwama. Mwezi wa tatu alichuchumaa mbele ya Mganga Mfawidhi, akainuka bila kushika kitu.

Baadaye nilihamishiwa Meatu, "kwa mahitaji ya kazi." Wiki ya mwisho kabla sijaondoka, Mganga Mfawidhi aliniletea mgonjwa wa nyonga. Kwenye cheti alikuwa ameandika: Mwangalie wewe kabla yangu. Hilo ndilo lilikuwa ombi lake la msamaha, nami nililipokea.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kama sijutii ukaidi ulioninyima vyeo. Sijutii. Wapo wanaolima leo kwa miguu ambayo ingekakamaa kama ningekuwa na adabu.