Siku Mama Alipoingia Ndani ya Tangi

Kazi yangu ni kuhesabu vitu visivyoonekana. Nimeajiriwa katika maabara ya maji, na kila siku ya kazi huletewa chupa zenye maji ya visima, ya mabomba na ya malori, nami hutafuta humo bakteria watokao katika utumbo wa watu na wanyama. Jioni hurudi mtaani Komarock, katika nyumba ninayoishi na mama yangu, na kabla hatujakaa kula huandika kidogo kwenye blogu yangu.

Huandika yanayonijia. Huandika kuhusu Mungu, kuhusu mambo ya kuchekesha ya kazini, kuhusu mkate ninaoumua kwa chachu ninayoitunza kwenye chupa kama mtu atunzavyo kuku, kuhusu sukuma wiki nilizootesha kwenye magunia. Huandika pia kuhusu mchezo wa drafti, ambao wazee wa Ziwani, mtaa niliokulia, walinifundisha kwa vifuniko vya soda nilipokuwa msichana, na ambao mpaka leo hakuna mtu katika maabara yetu aliyenishinda mara mbili mfululizo.

Nilianza kuandika kwa sababu nilichoka kuulizwa swali moja kutoka pande mbili. Kazini waliniuliza inakuwaje mwanasayansi mzima bado anafunga na kuomba. Kanisani waliniuliza kama kweli mtu anayechungulia darubini wiki nzima anaweza kuamini Jumapili. Niliona afadhali nijibu mara moja, kwa maandishi, nisirudie.

Msomaji wangu wa kwanza ni mama. Alinilea peke yake katika nyumba ya chumba kimoja huko Ziwani, akishona sare za shule, na shule yenyewe aliiachia darasa la saba. Hunisoma kwenye simu aliyoishika mbali na uso, midomo ikicheza, kisha hunisahihisha. Nilipoandika kwamba Yona alimezwa na nyangumi, alinikumbusha kwamba Biblia yasema samaki mkubwa, na kwamba mwanasayansi asiongeze ambacho hakukiona. Nilifuta.

Mama ndiye mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu la Kariobangi. Kwa muda mrefu waliuza vikapu na maandazi mpaka wakanunua tangi kubwa jeusi, likawekwa nyuma ya kanisa juu ya jukwaa la mawe, likawa linakusanya maji ya mvua kutoka kwenye paa. Mabomba ya mtaa yakikauka, na hukauka mara nyingi, majirani huja na mitungi, Wakristo kwa Waislamu, nao akina mama hawamkatai mtu. Sijaona mama akijivunia kitu kama alivyojivunia tangi lile. Wageni wakija aliwapeleka kuliona kabla hawajaonyeshwa madhabahu.

Juu ya paa hilo waliishi njiwa. Walikuja wenyewe, wakazaana, na akina mama wakachukulia kwamba ni baraka, maana Roho Mtakatifu alishuka kwa mfano wa njiwa. Mama alikuwa akiwatupia mahindi kila Jumapili baada ya ibada, juu kabisa, kwenye bati.

Kisha watoto wa shule ya Jumapili wakaanza kuumwa na tumbo. Si wote, wala si wiki zote. Mwanzo ililaumiwa kabichi, kisha soseji za kando ya barabara. Mimi nilitazama watoto wakitoka darasani mbio, wakikinga viganja chini ya bomba la tangi na kunywa. Wakubwa tulikunywa chai, na chai huchemshwa. Hakuna mtu mzima aliyekuwa akiumwa.

Jumapili iliyofuata nilikuja na chupa safi za maabara ndani ya mkoba, pamoja na kisanduku chenye barafu. Nilipopitisha moto wa kiberiti cha gesi kwenye mdomo wa bomba ili kuua bakteria wa nje, mshiriki mmoja aliuliza kama ninayafanyia maji ibada. Nikamwambia ibada yangu ni fupi kuliko ya mchungaji. Alicheka, nami nikafunga chupa.

Maji yale niliyapitisha kwenye kichujio chembamba, nikakilaza kichujio kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, nikakiweka kwenye kabati la joto. Kesho yake kisahani kilikuwa kimejaa vidoa vya samawati. Bakteria wa utumbo. Sikuamini, au sikutaka kuamini, kwa hiyo katikati ya wiki nilirudi nikachukua maji mengine, ya bombani, ya juu ya tangi na ya kwenye mfereji wa paa. Yote yalisema jambo moja, na mfereji ulisema kwa sauti kubwa zaidi. Ulikuwa na mavi ya njiwa yaliyolowa kama uji.

Nilikuwa nimekwisha kuwaambia wenye viwanda na wenye majumba ya kupanga kwamba maji yao ni machafu, bila kusita. Kumwambia mama kulinichukua siku mbili. Nilimwambia akiwa anakanda unga wa chapati. Hakuinua uso. Aliuliza kama nimeshaandika kwenye mtandao. Nikasema siwezi kuandika habari za tangi lake kabla ya kumwambia yeye. Akaendelea kukanda mpaka unga ukawa laini kuliko ilivyohitajika, kisha akasema, "Nataka kuwaona hao bakteria kwa macho yangu."

Jumamosi nilimwomba ruhusa mkubwa wangu, nikaenda na mama maabara. Alivaa nguo yake ya kanisani na kilemba. Nilimvalisha koti jeupe, likamfika miguuni. Mama aliyenishonea sare zote nilizowahi kuvaa alilishika pindo la koti, akaligeuza kutazama mshono, akaguna. Kisha nikamletea kisahani.

Nilimweleza kwamba kila kidoa kilianza na bakteria mmoja tu, aliyezaa usiku kucha mpaka akaonekana. Alikiinamia kisahani kwa muda mrefu. Alikuwa akihesabu. Alipofika mbali akaacha.

"Na hawa watoto wamekunywa kutoka kwenye bomba letu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nitasema mimi," akasema. "Wewe usiseme. Wakisikia kwako watasema umesoma mpaka umemdharau Mungu. Wakisikia kwangu hawatakuwa na mahali pa kukimbilia."

Mchungaji wetu ni mtu mpole asiyependa mizozo. Mama alipompelekea habari, alishauri tangi lisafishwe kimyakimya siku ya kazi, kwa maana wageni kutoka makanisa mengine walikuwa njiani na haingefaa tuonekane tumewanywesha watu uchafu. Mama alimsikiliza kwa heshima zote, akamshukuru, na Jumapili wakati wa matangazo akanyoosha mkono kuomba nafasi. Mchungaji alimtazama, akampa kipaza sauti.

Nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka mbele.

"Wenzangu," alisema, "tangi ni letu sote, lakini aibu ni yangu. Mwenyekiti ni mimi, na mahindi niliwatupia njiwa kwa mkono huu. Watoto wetu wameumwa kwa maji niliyoyasifu. Wakati huo sikujua. Sasa najua, na nikikaa kimya leo, hiyo ndiyo itakuwa dhambi."

Kisha mama mmoja wa kwaya, rafiki yake wa miaka mingi, akasimama na kusema kwamba hawezi kusikia njiwa wakitukanwa ndani ya nyumba ya Bwana, kwa kuwa njiwa ni alama ya Roho.

Mama akamjibu kwa upole, kama anavyozungumza na mteja aliyekosea kipimo cha kiuno. "Roho alishuka kama njiwa pale Yordani, dada yangu. Haijaandikwa popote kwamba alitua kwenye mfereji wa paa."

Alianza kucheka mchungaji. Alijaribu kujizuia kwa leso, akashindwa, na kanisa zima likamfuata. Yule mama wa kwaya mwenyewe aliketi akicheka, akipangusa macho. Kicheko kilipoisha, hakukuwa tena na ubishi. Watu wakaulizana nani ana ngazi.

Tangi lilisafishwa Jumamosi iliyofuata. Lilipomwagwa maji tukakuta sakafuni tope jeusi, na manyoya. Fundi wa kuchomelea vyuma kutoka karakana za jirani alikuja kupima kifuniko, maana cha zamani kilikuwa na ufa. Jirani yetu Mwislamu mwenye duka la jumla, ambaye huteka maji pale kila bomba likikauka, alileta brashi tatu na sabuni, akasema hangekubali tusafishe peke yetu maji ambayo yeye hutawadhia.

Tatizo lilikuwa mlango wa tangi. Ulikuwa mdogo, na kila mwanamume aliyejaribu alikwama mabegani. Mama alisimama akawatazama, kisha akavua viatu. Ana miaka sitini na mitano na mwili wa msichana. Nikamwambia nitaingia mimi. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kiunoni, nikaelewa kwamba mkate wangu wa chachu ulikuwa umenifungia mlango. Fundi naye akamwomba, kwa jina ambalo vijana wa mtaani huwaitia mama zao, "Mathe, shuka tu, hiyo kazi tutaipanga." Mama tayari alikuwa ameingiza miguu.

Nilisimama juu ya ngazi nimeshikilia ukingo, nikiangalia kilemba chake kikizunguka humo gizani. Nilikataza dawa ya klorini isifunguliwe mpaka atoke, na kila baada ya muda nilimwita ajibu. Alijibu kwa kuimba. Ndani ya tangi sauti yake ilikuwa kubwa mno, ikatoka mlangoni kama ya watu kumi, na wale waliokuwa nje wakaupokea wimbo huku wakisugua mfereji. Alisugua kuta zote, akakusanya tope kwa kata, akanipitishia ndoo baada ya ndoo. Alipotoka, nguo zilikuwa zimegandamana mwilini na uso una madoa meusi. Jirani yetu mwenye duka alimfunika kanga yake mwenyewe mabegani.

Tulitia dawa, tukaosha tena, tukaweka wavu kwenye mfereji. Njiwa hawakufukuzwa, mahindi yao yalihamishiwa chini, upande wa pili wa uwanja, na paa likafungwa nyaya za kuwazuia kutua. Nilipopima maji mara ya kwanza baada ya usafi, kisahani kilibaki kitupu. Nikapima tena wiki ya pili, kitupu. Watoto wakaendelea kukinga viganja bombani, na habari za tumbo zikaisha.

Ndipo nilipomwomba mama ruhusa ya kuandika. Aliisoma rasimu mara mbili, akafuta mahali nilipomwita shujaa, akasema shujaa hawezi kuwa aliyewalisha njiwa. Utani wa Yordani aliuacha. Maandishi yale yalisomwa kuliko yote niliyowahi kuandika. Watu waliniandikia kutoka mitaa mingi kuhusu matangi yao, ya shule, ya ploti za kupanga, ya makanisa. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa madrasa moja isiyo mbali na Kariobangi, akauliza kama tunaweza kuwaangalizia la kwao.

Tulienda pamoja. Nilimfundisha mama kuchukua sampuli: kunawa, kuchoma mdomo wa bomba, kuacha maji yatiririke, kutogusa ndani ya kifuniko. Mikono iliyozoea sindano hujifunza upesi. Mwalimu wa madrasa alipomkaribisha na kumuuliza yeye ni nani, alijibu kwamba ni fundi cherehani, lakini siku hizi anaangalia matangi.

Chupa nilizipeleka maabara siku hiyo hiyo. Kwenye fomu yetu kuna sehemu ya jina la aliyechukua sampuli, na mama alikuwa amelijaza mwenyewe, kwa mwandiko wake wa darasa la saba, herufi moja moja bila haraka. Mkubwa wangu alipoipitia fomu aliuliza huyu ni mtaalamu gani, maana hakumkumbuka.

Nikamwambia ni mama yangu.