Nilivyokwenda Birmingham Kumwona Farah Akifa

Niliondoka Isiolo kwa sababu ya simu moja. Ayeyo, bibi yangu mzaa mama, anaishi Birmingham kwa mjomba, na macho yamemwishia nuru. "Filamu ya baba yangu imepatikana," alisema. "Njoo uniangalizie. Hawa wa huku watanipambia maneno. Wewe hujui kudanganya."

Baba yake, Farah, alikuwa baharia aliyeishia kuigiza Uingereza zama za filamu zisizo na sauti. Hakuwahi kuwa nyota. Alikuwa bawabu, haramia, mchawi, sultani mwenye ndevu za gundi, na kila mara aliuawa kabla hadithi haijaisha. Filamu zilipoanza kusema, lafudhi yake haikutakiwa. Akarudi Isiolo, akaoa, akampata Ayeyo, akaondoka tena. Habari iliyorudi ilikuwa moja: kafa ugenini, kafa kafiri. Kafiri haombewi, hivyo maisha yake yote Ayeyo ameogopa kumwombea dua baba yake, na mimi nilimhurumia sana.

Ya njiani siyakumbuki vizuri. Mawingu, chai vuguvugu, usingizi, mawingu tena. Nilipofika Alum Rock, mtaa wa mjomba, kwa maduka yake ya vitambaa na harufu ya nyama choma, nilidhani bado niko Eastleigh ya Nairobi, ila mvua ya huko hainyeshi kwa haraka.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda Hockley, mtaa mwingine wa mji huo, kwenye karakana ya Harjit, Kalasinga mzaliwa wa Kisumu anayekarabati filamu kuukuu. "Karibu mama. Keti hapa, hii kiti iko na mto," alisema, akazima taa.

Picha zikaanza kutetemeka ukutani.

"Yuko wapi?" Ayeyo akauliza.

"Anaingia. Ana kilemba na upanga." Nikasita. "Anakunywa pombe, Ayeyo."

Akaguna. Nilitamani ningekuwa mwongo.

Kisha Farah akachomwa kisu. Alianguka polepole, kama kanzu inayoteleza kwenye kamba. "Amenyoosha kidole cha shahada," nikasema. "Anaongea."

"Maandishi yanasemaje?"

Harjit akasoma, akitafsiri Kiingereza: "Inasema, 'Mbwa nyinyi, mtaoza pamoja na mimi!'"

Ayeyo akanikamata mkono. "Midomo yake inakutana?"

Nilisogea karibu. "Haikutani hata kidogo. Ulimi tu ndio unaocheza."

Kwetu mtoto hufundishwa hilo mapema: shahada, *La ilaha illallah*, haina herufi ya kufunga midomo, ili hata anayekata roho aweze kuitamka.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," Ayeyo akasema, akalia. Nami nikalia.

Harjit akauliza kwa sauti ya chini kama arudishe nyuma.

"Hapana, baba. Utamfufua. Mwache apumzike."

Jioni, Alum Rock, Ayeyo akaagiza chai ya wageni.

"Mama, lakini hiyo ni acting tu," mjomba akasema.

"Nyamaza. Mimi nimefiwa."

Majirani wakaja na chupa za chai na halwa, wakampa pole, wakamwombea Farah dua. Ayeyo alizipokea zote kwa mikono miwili.

Sasa nimerudi Isiolo, na wazee wananiuliza. Alivyokufa kweli, hakuna ajuaye. Nilichojifunza ni kwamba mtu hufa na neno alilolizoea, na Farah aliizoea shahada mbele ya watu waliomlipa ili alaani.