Mfungo wa Shamba la Viazi

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja katika shamba la viazi. Jana uliponiambia kwamba mtoto wako Makena, na kifafa chake hicho, atafunga siku tatu pamoja nanyi ili Mungu amponye, sikukupinga papo hapo. Ukadhani nimekubali. Ng'o! Nilikuwa natafuta pa kuanzia, maana kosa hilo nililitenda mimi kabla yako, tena kwa mbwembwe.

Mdogo wangu wa kike, Karimi, alikuwa na kifafa tangu utotoni. Alipewa vidonge dispensari, na siku nyingi alikuwa sawa kabisa. Lakini tukiingia shamba la juu, lile letu pekee la viazi, linalopakana na msitu, kabla jua halijapanda Karimi alikuwa chini, anatetemeka, povu mdomoni. Si mara moja wala mbili. Sisi tukasema shamba lina laana. Babu aligombania mpaka wa shamba lile na jirani, jirani akafa na kinyongo, basi tukawa na jibu hata kabla ya kuuliza swali.

Kumbe kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelitazama. Unajua kwetu hapa Kibirichia, huku mlimani, siku ya kuchimba viazi mtu hali kitu mpaka mstari wa kwanza uishe. Ndipo moto huwashwa palepale shambani, viazi vikachomwa, chai ikamiminwa. Anayekula mapema huitwa mvivu. Karimi, masikini, alikuwa na miaka kumi na sita, na hakutaka kuitwa mvivu juu ya kuitwa mgonjwa. Aliondoka nyumbani na tumbo tupu, akachimba kuliko sisi wote.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini, kiongozi wa vijana wa maombi, mdomo mrefu kuliko jembe. Nikaamua tufunge siku tatu, na siku ya tatu tukaombe shambani penyewe. Karimi naye afunge. Vidonge alimeza kwa maji, hilo angalau sikumkataza. Siku ya pili mama alinivuta kando.

"Kagendo, mtoto amelegea. Mpe hata uji kidogo."

Nikamjibu mama yangu, aliyenizaa, "Mama, uji huo ndio shetani anaoutaka."

Ee Mungu, nisamehe. Kweli akili nyingi huondoa maarifa.

Asubuhi ya tatu tulisimama katikati ya viazi tukiimba. Karimi akaanza kutokwa jasho, na baridi ya huku unaijua. Akasema maneno yasiyoeleweka. Mimi nikapaza sauti zaidi, nikidhani pepo anatoka! Akaanguka. Kutetemeka kulikoma, lakini safari hii hakuamka kama kawaida yake. Tulimwita, tukamwita. Wimbo ukakatika, mdomo mmoja baada ya mwingine, na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nilijua akifa, nimemuua mimi.

Tulimpakia kwenye mkokoteni wa punda, juu ya magunia matupu, mpaka dispensari. Nesi wa siku ile alikuwa Wanja, mama mwembamba kutoka Kiritiri, kule Mbeere ambako mvua ni ya kubahatisha. Sisi wa mlimani tulizoea kuwacheka watu wa huko. Nikaanza kumweleza habari ya laana, hakunisikiliza. Aliuliza tu, "Huyu alikula lini?"

Tulikuwa watu ishirini, mwanangu, na kila mmoja alilijua jibu. Mama ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Siku ya tatu hii hajala."

Wanja alimchoma kidole. Tone la damu likatoka, dogo kama punje ya mtama, akaligusisha kwenye kimashine. Akatazama namba, akatikisa kichwa, kisha akatafuta mshipa na kusukuma maji ya sukari, taratibu, bila kelele. Hata hajamaliza, Karimi akafumbua macho. Akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Viazi vimeisha?"

Jamani! Nilipiga magoti palepale kwenye saruji. Siku tatu nilikuwa nimemlilia Mungu kwa makelele, naye akanijibu kwa tone la damu na sukari kidogo. Mpaka leo nikitia sukari kwenye chai, mkono wangu husita. Mambo mengine mtu hayazoei.

Wanja alipoona mtoto amepona, ndipo akatugeukia. "Sisi wa Kiritiri njaa tunaijua, inakuja bila kuitwa. Nyinyi mnalala juu ya viazi, halafu mnaialika njaa ije imuue mtoto!"

Akashusha pumzi, akatueleza. Ubongo nao hula, na chakula chake ni sukari iliyo ndani ya damu. Mtu akikaa na njaa muda mrefu huku anafanya kazi ngumu, sukari hiyo inaweza kushuka, na mwenye kifafa akaanguka upesi. "Lakini si kila kifafa huchochewa na njaa," akaonya. "Kuna anayeanguka kwa kukosa usingizi, kuna anayeanguka kwa kuacha dawa, na wengine hata daktari hajui kwa nini. Na msikimbilie kumjaza sukari. Huyu wenu, angalieni saa anazoanguka." Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tukaangalia. Karimi akawa anakunywa uji kabla ya kushika jembe, na vidonge vyake hakuviacha. Alianguka tena, sitakudanganya, ila kwa nadra. Shamba la juu likawa shamba tu.

Basi mwanangu, funga wewe, una mwili wa kufunga. Makena asifunge. Asubuhi ale chakula cha maana, uji na kiazi au yai, si soda na mandazi. Mlo usimpite, na dawa asiache hata siku anayojiona mzima. Ukisikia watu wakisifu chakula fulani kwamba kinaponya kifafa, muulize daktari kwanza. Andika saa anazoanguka na alichokula, umpelekee. Akianguka, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, si kijiko, si sukari. Akichelewa kuamka, mbio hospitali. Na jambo usilolijua, uliza kabla hujaliita laana.

Kesho mama yako mdogo Karimi anakuja tuchimbe viazi. Utamwona na mvi zake: kabla hajagusa jembe atakaa chini mbele ya watu wote, ale kiazi chake polepole, na hakuna wa kumwita mvivu. Mkalishe Makena karibu naye, wale pamoja.

Mungu akulindie mtoto wako, sufuria yako isikose uji, na akufundishe kwa maneno yangu haya, asikufundishe kwa mkokoteni ule.