Siku Nilipopuliza Tarumbeta Mbele ya Wakwe

Nyinyi vijana mnaojua Kiingereza kuliko mnavyojua kupalilia, someni hii polepole na msinicheke kabla sijamaliza. Aibu ni yangu, nitaisema mwenyewe.

Binti yangu Kagendo alikuwa akisomea ualimu, na kila likizo alinifundisha misemo ya Waingereza. Mtu mwenye afya, wao husema ni mzima kama fidla. Anayekaa chini ya mwenzake anapiga fidla ya pili. Anayejisifu anapuliza tarumbeta yake mwenyewe. Mimi shule niliachia darasa la pili, lakini hiyo mitatu niliishika kama Baba Yetu.

Basi wakwe wakaja kutoka Ishiara kumposea kijana wao Kagendo. Siku kama hiyo mama wa msichana hukaa jikoni, sifa za nyumba husemwa na msemaji, na msemaji wetu alikuwa shemeji yangu M'Ikiara, mzee wa maneno machache. Nikamsikia kupitia ukutani akisema msichana ni mzuri, kisha akanyamaza. Mzuri tu, kama mbuzi wa sokoni. Mukimo ulikuwa motoni (ndizi, mahindi na maharagwe ya njahi, chakula cha watu ishirini), nikajiambia naingia dakika moja, niseme msemo mmoja wa Kiingereza, nirudi.

Nikasimama mbele yao, leso ya jikoni bado kiunoni. Nikasema kwa Kiingereza kwamba sipendi kupuliza tarumbeta yangu mwenyewe, halafu nikaipuliza: Kagendo ni mzima kama fidla, anaamka kabla ya jogoo, mukimo nimemfundisha mimi na hakuna wa kumshinda kutoka hapa mpaka Embu, tena hatapiga fidla ya pili kwa mtu, hata kwa mama mkwe. M'Ikiara akatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa na hakika watu wa Ishiara wanajua mbuzi, Kiingereza hawakijui.

Mama wa kijana, Mama Njeru, akaweka kikombe chini. Alikuwa amefundisha Kiingereza shule ya msingi miaka mingi (hilo hakuna aliyeniambia).

"Mama Kagendo," akasema kwa Kiswahili, bila haraka, "tarumbeta tumeisikia. Na hiyo harufu ni ya nini?"

Nilipofika jikoni, mukimo wa chini ya sufuria ulikuwa umegeuka makaa, na juu moshi. Sasa, wakwe wakiondoka bila kula, hiyo ndoa imekufa, na Kagendo alijua, alikuwa amesimama mlangoni machozi yakimtoka bila sauti. Nikapakua kilichopakulika. Watu wote wakamtazama Mama Njeru, hakuna aliyegusa sahani. Akala kijiko kimoja, akatafuna sana. Akala cha pili. Akaendelea mpaka akamaliza, akafuta mdomo.

"Msichana tutamchukua," akasema. "Kupika nitamfundisha mimi."

Nikachukua sahani yake tupu, nikarudi jikoni.

Walipoondoka niliita watu wa nyumba yangu wote, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia: wageni wakija kila mtu akae kwenye kazi yake, na mwenye sufuria motoni asisimame kutoa hotuba, hata kwa Kimeru chetu.